Mwanabiolojia wa Bahari na Soksi za Mjomba

4 Agosti, Jumatatu

Leo nimeingia rasmi katika sayansi ya bahari. Kituo cha Utafiti kimetuchukua watu wawili kwa majaribio, kutoka miongoni mwa waombaji ambao bila shaka walikuwa maelfu. Katibu wa ofisi anasema tulikuwa tisa. Yule hana upeo. Mwisho wa mwezi, Siku ya Wageni, mmoja wetu atapewa nafasi ya mafunzo na Kituo kitamsomesha hadi chuo. Mwingine atarudi kwao. Huyo wa kurudi kwao ni yule ninayemwita Miwani, binti wa jirani, niliyesoma naye darasa moja. Alikuwa wa kwanza kila muhula kwa sababu hana starehe nyingine duniani.

Nikiikosa nafasi, naingia dukani kwa Mjomba kuuza magodoro. Yeye na Mama walikubaliana hivyo mezani, mbele yangu, kana kwamba mimi ni kijiko. Mjomba anaishi nasi. Hana mke wala mtoto, ana magodoro. Ananiita Bwana Samaki. Asubuhi aliniuliza kwa nini samaki hawafumbi macho, na kabla sijamjibu kisayansi akasema wamekosa godoro zuri. Akacheka peke yake mpaka chai ikampalia.

Daktari, mkuu wa Kituo, alituketisha maabara akatueleza mustakabali wetu. Ni mama mrefu, mwenye sauti ya chini, na nywele zake zina chumvi muda wote. Alisema ajira ni chache na wanaozitaka ni wengi. Alisema mtu anaweza kustaafu bila kuonana na nyangumi hata mmoja. Siku nyingi ni hadubini, matope, kuosha matangi, na kuandika maombi ya fedha za utafiti. Mtu anaanza na astashahada, halafu stashahada au shahada, na wengi huishia kwenye mabwawa ya kufugia samaki, ukaguzi bandarini au kufundisha, na hakuna aibu hapo. Na hesabu. Takwimu ndizo zinazowatupa watu nje ya kozi. Neno hesabu alilirudia mara kadhaa akinitazama mimi, maana ameona matokeo yangu. Miwani aliandika kila kitu. Mimi nilichora meli yenye jina langu ubavuni.

Jambo moja naliandika hapa tu. Bahari naipenda kwa moyo wote. Tatizo langu ni maji. Yakipita magoti napata kizunguzungu. Hili halimhusu mtu.

5 Agosti, Jumanne

Matangi yamegawiwa na nimeonewa. Miwani kapewa pweza. Pweza! Mnyama mwenye akili, macho, miguu minane na mvuto. Mimi nimepewa jongoo bahari. Kwa asiyemjua: ni kitu cha kahawia, kinene, cha vipelevipele, kirefu kuliko kiganja. Hana macho. Hana uso. Analala juu ya mchanga, anaula, kisha anautoa upande wa pili ukiwa msafi. Hiyo ndiyo kazi yake ya maisha.

Nilimuuliza Daktari kama hakuna makosa yaliyofanyika. Alisema hakuna, kwamba bila hawa sakafu ya bahari ingechafuka, na kwamba atakayeweza kumwangalia mnyama asiyefanya lolote ndiye atakayeiweza kazi hii. Akatukataza kuwashika ovyo. Nikamwambia nimemwelewa. Sikuwa nimemwelewa, lakini nilitumia sauti ya mtu aliyeelewa.

Kazi yenyewe ni kuandika kila siku alivyosogea, alivyokula na alivyotoa. Miwani ana viatu vyake mwenyewe vya mpira, vya bluu, vipya. Mimi nimepewa vya Kituo. Ni vikubwa mno, nikitembea vinanipigia makofi.

6 Agosti, Jumatano

Pweza wa Miwani amefungua kopo. Walimtumbukizia kopo lenye kaa ndani, akalikumbatia, akazungusha kifuniko, akamtoa kaa akamla. Kituo kizima kilikuja kutazama, hata katibu. Daktari alipiga makofi. Upande wangu alikuja mfagizi peke yake, na huyo alikuwa anatafuta ufagio.

Niliumia. Nimekaa na wivu wangu mchana kutwa na sasa una mpango. Jongoo naye atafundishwa. Kiumbe yeyote anafundishika akipata mwalimu mwenye msimamo. Kesho nitawahi kabla ya watu, tuanze mazoezi ya viungo.

7 Agosti, Alhamisi

Maafa.

Nilimtoa majini nikamweka mezani penye jua ili apate ari. Nikamnyoosha. Nikamkunja. Nikambinya katikati kidogo ajue nani mkuu. Hapo jongoo akatoa utumbo. Sisemi kinyesi. Nasema utumbo wenyewe, wote, mrefu, na kwa upande ambao sitauandika hata katika shajara yangu. Akabaki mlegevu mkononi mwangu. Ndiyo kwanza wiki ya kwanza na nimeshaua.

Nikaliona duka la Mjomba mbele ya macho yangu, na mimi mlangoni, nimevaa shati lenye picha ya godoro. Nilikaa sakafuni nikalia. Nilimlilia jongoo pia, hilo nataka lieleweke. Hakuwa amenikosea kitu.

Tangi nililifunika kwa gunia, nikatangaza kwamba mnyama anahitaji giza. Miwani akaliandika hilo. Jioni nikamchukua marehemu kwenye ndoo yenye maji ya bahari, nikaenda ufukweni kumpa maziko ya heshima. Nilisimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, nikamrusha. Wimbi likamrudisha. Nikamrusha tena. Likamrudisha juu ya kiatu changu. Kwenda ndani zaidi haikuwezekana kwa sababu za kiafya. Nikamrudisha kwenye ndoo, nikamfunika, nikaenda naye nyumbani kusubiri bahari itulie.

Mama alikuwa ametoka kupeleka nguo za mteja. Cherehani yake ilikuwa wazi. Soksi za Mjomba zilikuwa zimeanikwa.

8 Agosti, Ijumaa

Mimi ni mtu hatari.

Soksi moja ya Mjomba, ya kahawia, ile yenye kiraka kisiginoni. Nimeijaza mchanga na vipande vya vitambaa, nikaishona mdomo, nikapiga vifundo vya uzi mweusi mgongoni viwe vipele. Ukiitumbukiza majini na kuimwagia mchanga kidogo, ni jongoo mtupu. Kusema kweli ni mzuri kuliko yule wa kwanza. Ana umbo.

Daktari alipita mbio na karatasi zake za kuomba fedha, akatupa jicho, akasema mnyama ametulia. Nikasema tumeelewana. Akaenda zake. Nilitaka kuruka juu lakini viatu vingenisaliti.

Nyumbani Mjomba amepindua makochi anatafuta soksi. Anasema mtu anayeiba soksi mbili ni mwizi, lakini anayeiba moja ni mgonjwa. Mama alimshauri aanze kutafuta miguuni mwake.

9 Agosti, Jumamosi

Yamezuka matatizo mawili ya kisayansi. Soksi haisogei, na soksi haitoi kitu. La kwanza nimelitatua kwa kijiti: kila asubuhi nawahi, naisukuma, nachora mkondo nyuma yake kwenye mchanga. La pili nimelitatua kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa kona. Najaza mchanga mbichi, nakamua vikamba vifupi vifupi, kama mpambaji wa keki. Vinatoka vizuri ajabu. Sikujua kama nina kipaji hiki.

Miwani alikuja akainama juu ya tangi langu, akatazama kwa muda mrefu. Mwishowe akasema jongoo huyu anakula kuliko alivyosoma vitabuni. Nikamwambia vitabu vimeandikwa na watu wasiojua malezi. Akaliandika na hilo.

Mama ameiona ndoo kwenye kibaraza cha nyuma. Ni ndoo yake ya kulowekea vitambaa. Alifunua, akafunika, akanivuta sikio. Amesema ikinuka, ndoo na mimi tutahamia nje pamoja. Bahari bado haijatulia, kwa hiyo kila jioni nabeba dumu la maji ya bahari kutoka Kituoni, namwaga ya zamani, naweka mapya. Marehemu anatunzwa kuliko mimi.

13 Agosti, Jumatano

Marehemu amesogea.

Nilikuwa nabadilisha maji. Nikamwona amepanda ukutani mwa ndoo, polepole, kwa vile vimiguu vyake vidogo vilivyo tumboni. Niliweka dumu chini. Nilikaa kwenye kibaraza nikamtazama mpaka Mama akachoka kuniita. Hana utumbo na anatembea. Amekonda, amelegea kama mfuko mtupu, lakini yupo. Nilicheka peke yangu na machozi yakanitoka. Mama alipokuja kuuliza kulikoni nilimwambia ni chumvi ya maji.

Kwa muda wote huo sikumgusa. Nilikuwa na mikono miwili yenye kuwasha na sikumgusa. Nimeapa simgusi tena.

14 Agosti, Alhamisi

Nimefikiria kumrudisha tangini. Nimekataa. Kwanza amekonda, Daktari atauliza. Pili, soksi inafanya kazi vizuri mno. Leo Daktari amesimama mbele ya tangi langu kikao kizima, akasema hajawahi kuona jongoo anayesafisha mchanga kwa kiasi hiki, na kwa utaratibu. Aliniuliza siri yangu. Nikasema ni upendo na kuamka mapema. Miwani alivua miwani akaifuta.

Kopo la pweza hakuna anayelitazama tena.

16 Agosti, Jumamosi

Mjomba amenunua soksi mpya, jozi nne, za kijivu. Amezificha chini ya godoro lake na amemwambia kila mtu ndani ya nyumba kwamba amezificha, ila hatasema wapi. Ile ya kahawia iliyobaki ameitundika ukutani sebuleni kama picha ya aliyepotea. Amemwapiza mwizi apate baridi ya mguu mmoja maisha yake yote. Nilisema amina ili nisishukiwe.

19 Agosti, Jumanne

Daktari alitupeleka baharini kwa boti kuchota matope ya utafiti. Niliwaza haraka. Nilimwambia kila safari ya kisayansi inahitaji mratibu wa nchi kavu. Akasema haihitaji. Nikapanda.

Kuhusu yaliyofuata nitasema tu kwamba niliwalisha samaki mengi. Miwani alinishika kola ya shati nisidondoke huku kwa mkono wa pili akijaza chupa za matope, na halikumwagika hata tone. Daktari akasema kichefuchefu si mwisho wa dunia, wapo wataalamu wakubwa ambao hawajapanda boti kwa miaka na wanafanya kazi yao yote hadubinini. Hizi ndizo habari bora nilizozipata tangu kuzaliwa. Nilimshukuru kwa ishara kwa sababu kinywa hakikuwa huru.

Wakati wa kurudi Miwani alinipa chupa yake ya maji. Nilijiuliza ana njama gani.

22 Agosti, Ijumaa

Ushindi! Daktari ametangaza mpango wa Siku ya Wageni. Wazazi na ndugu watakuja, na watu wa chuo watakuja. Tutatembea tangi kwa tangi, na kilele cha matembezi kitakuwa tangi la pili. Langu! Atawaonyesha jongoo wa ajabu kwa mikono yake mwenyewe. Atamnyanyua.

Nimesoma sentensi hii ya mwisho upya. Atamnyanyua.

25 Agosti, Jumatatu

Usiogope, nilijiambia, na kweli sasa siogopi. Leo jioni chini ya ndoo nimekuta kikamba cha mchanga. Sikukikamua mimi. Kimetoka kwa mwenyewe! Wiki iliyopita nilimwekea mchanga kidogo wa tangini kwa kubahatisha, na ameula, na umepita, maana yake kuna mahali pa kupitia. Utumbo umeota upya. Nilipiga kelele mpaka Mjomba akatoka bafuni na povu. Nilimwonyesha. Akatazama ndoo, akanitazama mimi, akasema hivyo ndivyo vitu vinavyonifurahisha, na magodoro nayakataa. Hakucheka safari hii. Alinionea huruma kabisa.

Kikamba changu na chake havifanani. Chake ni chembamba na kimekatika vizuri zaidi. Nakubali kazi nzuri ninapoiona.

Mpango ni huu: Jumamosi nawahi na ndoo, natoa soksi, naweka jongoo, naweka soksi mfukoni. Hakuna mtu duniani atakayejua.

30 Agosti, Jumamosi

Naandika haya mchana wa siku kubwa kuliko zote za maisha yangu. Nitaandika kwa mpangilio.

Nilikuwa tayari mlangoni na ndoo mapema. Mjomba naye alikuwa tayari mlangoni, amevaa suti. Akasema hawezi kuniacha niende peke yangu siku ya kuaga sayansi. Mama akasema tungoje, anapiga pasi. Tukangoja. Tulipofika Kituoni wageni walishajaa na Daktari alishaanza kuongea. Ndoo niliitelezesha chini ya meza, nikaifunika kwa kitambaa. Nilijaribu kulisogelea tangi langu kinyumenyume. Viatu vikapiga makofi. Watu wote wakanigeukia, Daktari akatabasamu akasema ndiye huyo kijana, aje mbele.

Pweza alifungua kopo lake. Watu wakashangilia kwa adabu. Tukafika tangi la pili. Daktari akaeleza jinsi jongoo huyu anavyosafisha mchanga kuliko yeyote aliyewahi kufugwa hapo. Watu wa chuo wakasogea. Mjomba, ambaye hawezi kuona watu wamesogea bila yeye kusogea, akasogea akawapita wote, akaweka pua kwenye kioo. Akanyamaza. Mjomba kunyamaza ni jambo ambalo lilitakiwa kunikimbiza kabisa, lakini miguu ilikataa.

Akamwita Mama. Akamuuliza kama kile kiraka pale anakijua. Mama akainama, akasema anakijua, ni mkono wake, uzi ulimwishia akamalizia na wa kijani. Daktari akawaambia kwa upole kwamba huyo ni mnyama. Mjomba akamwambia kwa upole ule ule kwamba huyo ni soksi yake. Kisha akakunja mkono wa suti, akazamisha mkono, akaitoa, akaikamua mbele ya watu wote. Mchanga ukamwagika kwenye viatu vya mtu wa chuo.

Miwani aliziba mdomo. Daktari hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Aliniuliza mnyama wake yuko wapi. Nilitaka kusema uongo mwingine, nilikuwa nao, ulikuwa mzuri. Lakini alisema mnyama wake yuko wapi kama mtu anayemuuliza mtoto wake. Nikaitoa ndoo chini ya meza.

Akapiga magoti. Nikamweleza yote, mazoezi ya viungo, jua, kubinya, utumbo, mawimbi, dumu. Akamshika jongoo kwa viganja viwili chini ya maji, akamhamishia tangini taratibu. Tukangoja. Mtu wa chuo alitaka kuuliza kitu, Daktari akamwinulia kidole. Jongoo akakaa. Akakaa. Kisha akatoa vile vishikizo vyake vya mdomoni akaanza kula mchanga, na baadaye, mbele ya kadamnasi, akatoa kikamba. Nililia hadharani. Mtu mmoja alianza kupiga makofi na wengine wakafuata, na Mjomba akapiga makofi kwa soksi iliyolowa, ikarusha maji kila upande.

Daktari alinivuta kando. Aliyoniambia nayaandika yote. Kwamba jongoo akisumbuliwa hutoa utumbo ili anayemla ashughulike nao, na huweza kuota mwingine, ila wengi hufa kwa sababu waliowasumbua huendelea kuwasumbua au huwasahau kwenye maji machafu. Mimi nimebadilisha maji kila siku na sikumgusa, na hayo ndiyo yanayotakiwa, hata kama niliyafanya kwa kumwogopa mama yangu. Kwamba, kwa upande mwingine, nimeharibu takwimu za mwezi mzima, kwamba amenusurika kuwaandikia wafadhili kuhusu soksi, na uongo ukiingia ndani ya tangi unaingia ndani ya vitabu na watu wanajenga juu yake. Nafasi ni ya Miwani, na alistahili kuipata tangu siku ya kwanza.

Nilisema ndiyo. Nilimaanisha. Kwa muda mfupi, lakini nilimaanisha.

Kisha akasema anahitaji mtu wa kubeba maji na kuosha matangi asubuhi. Cheo hakuna. Jioni nisome hesabu, nirudie mtihani, na nikifaulu ataniandikia barua ya kuombea astashahada mwakani. Nikigusa mnyama bila ruhusa, kwaheri. Nikamuuliza kama hiyo ina maana kwamba nimeajiriwa katika Kituo cha Utafiti wa Bahari. Akafikiri, akasema ukitaka kulitazama hivyo.

Nimelitazama hivyo. Nimeajiriwa! Mjomba aliuliza nani sasa atabeba magodoro. Mama akamwambia magodoro ni yake na mgongo ni wake. Sikumbuki kama nimewahi kumpenda mama yangu kama pale.

Miwani alikuja kunipa mkono. Akasema alikuwa anajiuliza muda mrefu jongoo gani ana kisigino, ila aliogopa kuniaibisha bure kama angekuwa amekosea. Nikampongeza. Ana macho, yule binti. Tatizo lake ni kutojiamini.

31 Agosti, Jumapili

Nimepumzika kama anavyopumzika mtu mwenye kazi. Mjomba ameitungua ile soksi ukutani, amemfumua mwenzake mdomo, amezivaa zote mbili ingawa moja ni ndefu sasa. Ameniambia nikome. Nimemwambia nimekoma. Nimefungua kitabu cha hesabu, nikasoma jina la mwandishi.

Nimejiwekea maazimio: ukweli daima, mikono mbali na wanyama, na kumheshimu Daktari.

1 Septemba, Jumatatu

Siku yangu ya kwanza nikiwa mfanyakazi wa bahari imekwenda vizuri sana. Nimebeba maji. Nimeosha tangi la pili, jongoo mzima, amenenepa, nimemsalimia kwa mbali. Daktari ameenda chuoni na Miwani kumwandikisha, watarudi kesho kutwa. Nimeachiwa Kituo, yaani mimi na katibu.

Kwenye tangi la pweza kuna tangazo kwamba kifuniko kisifunguliwe. Sikufungua ili nimguse. Nilifungua ili anione vizuri, maana tangu nifike hapa amekuwa akinidharau, na nilitaka ajue sasa mimi ni nani. Tukatazamana. Kisha nikaenda kujiangalia kwenye kioo cha ofisini, nimevaa aproni yenye nembo ya Kituo. Imenikaa. Niliporudi tangi lilikuwa na maji peke yake, na sakafuni kuna mkondo wa unyevu ulioelekea nyuma ya pampu. Nimemwita. Nimemwekea kaa kwenye kopo. Kuna kitu kinajivuta kule nyuma, kwa hiyo yupo, nimeshammwagia ndoo ya maji ya bahari asikauke, na atarudi mwenyewe akisikia njaa. Hakuna sababu ya kumwambia mtu. Ukweli hautaharibika ukingoja siku mbili.

Kinachohitajika ni kitu cha kukaa tangini kwa muda. Rangi si tatizo, pweza hubadilika rangi anavyotaka, kijivu kinafaa kabisa. Kichwa nitatumia mfuko wa mto. Miguu ni minane. Chini ya godoro la Mjomba kuna jozi nne za soksi, na nne mara mbili, nimekokotoa mara tatu kuhakikisha, ni nane kamili. Na bado kuna watu wanaosema sijui hesabu. Mjomba yuko dukani mpaka jioni, na Mama ameacha cherehani wazi.